Taipei na mfuko wa kulipia: mwamko wa taka ulivyogeuka kuwa tendo

Tarehe 1 Julai 2000, jiji la Taipei, mji mkuu wa Taiwan, lilifuta ada ya taka iliyokuwa ikikatwa kwenye ankara ya maji. Badala yake kila kaya ilitakiwa kuweka taka zake kwenye mfuko rasmi unaouzwa kwa kipimo cha lita. Aliyetaka kulipa kidogo alikuwa na njia moja tu halali, nayo ni kupunguza kinachoingia kwenye mfuko ule. Chupa, makopo na karatasi vilipokelewa bure, na miaka michache baadaye mabaki ya chakula nayo yakapokelewa bure, ilimradi kila kitu kimetenganishwa. Mwaka 1999 jiji lilikuwa likizoa karibu tani 3,000 za taka za majumbani kwa siku. Muongo mmoja baadaye zilikuwa zimeshuka hadi kiasi cha tani 1,000.

Kisa hiki hutajwa sana kama ushahidi kwamba watu hufuata pesa. Tunadhani maelezo hayo yameishia njiani, kwa sababu bei ya mfuko ilikuwa ndogo na elimu ya urejelezaji, yaani kugeuza taka kuwa malighafi tena, ilikuwa imeenea kwa miaka kadhaa kabla yake. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini watu waliojua umuhimu wa kutenganisha taka, na ambao ungewauliza wangekujibu kwamba wako tayari, hawakuwa wakitenganisha. Na ni kitu gani hasa kiliwasukuma waanze.

Hali kabla ya mwaka 2000

Miaka ya 1980 na 1990 Taiwan ilipata jina baya la "kisiwa cha taka". Uchumi ulikua haraka, vifungashio vya plastiki vikaongezeka, na ardhi ni finyu yenye milima mingi. Taipei ilitegemea dampo la Fudekeng lililofunguliwa mwaka 1985, kisha dampo la Shanzhuku kuanzia 1994, pamoja na matanuri matatu ya kuteketeza taka: Neihu lenye uwezo wa tani 900 kwa siku, Muzha tani 1,500 na Beitou tani 1,800. Kwingineko kisiwani taka zilirundikana mitaani kila wakazi wa karibu na dampo walipoamua kuziba njia.

Mwamko haukuwa haba. Mwaka 1990 mtawa wa Kibuddha Cheng Yen, mwanzilishi wa shirika la Tzu Chi, aliwaomba wasikilizaji waliokuwa wakimpigia makofi waitumie mikono hiyohiyo kukusanya vitu vya kurejelezwa. Kutokana na mwito huo vikaota vituo vya kujitolea kisiwa kizima, vingi vikiendeshwa na wazee. Mwaka 1997 serikali ikaanzisha mpango unaounganisha pande nne: kaya, wanunuzi na viwanda vya urejelezaji, vikosi vya usafi vya miji, na hazina inayochangiwa na watengenezaji na waagizaji wa bidhaa. Miaka hiyohiyo Taipei ilikuwa imeshaacha utaratibu wa kuweka mifuko barabarani isubiri gari. Kila mtu alitoka na taka zake mkononi, akasubiri lori jioni, akazitupa mwenyewe. Kanuni iliitwa "taka zisiguse ardhi".

Kwa hiyo ifikapo 1999 palikuwa na elimu, watu wa kujitolea, hazina ya fedha na malori yenye ratiba. Hata hivyo sehemu ya taka za majumbani iliyorejelezwa kupitia jiji ilikuwa asilimia chache tu. Mtu angeweza kusema watu wanahitaji kuelimishwa zaidi, na miji mingi duniani hukwama kwenye jibu hilo: mabango mapya, matamasha mapya, matokeo yaleyale.

Tazama ada ilivyokuwa. Ilihesabiwa kwa maji yaliyotumika. Kaya iliyofua sana ililipa sana hata kama haitoi taka. Kaya iliyotupa kila kitu kwenye mfuko mmoja ililipa sawasawa na jirani aliyesuuza kila chupa. Na kwa kuwa tozo ilijificha ndani ya ankara nyingine, wengi hawakuwa na habari kwamba wanalipia taka. Mtu huwa tayari kufanya jambo kwa kadiri anavyoona tofauti kati ya kulifanya na kutolifanya, na hapa tofauti haikuonekana. Aliyetenganisha alipata kazi ya ziada jikoni, nafasi ndogo zaidi ya kukaa na harufu ya makopo. Asiyetenganisha hakupoteza chochote.

Mfuko wenyewe

Mifuko rasmi hutoka katika ukubwa mbalimbali, ikiwemo ile midogo ya lita 5, kupitia 14, 25 na 33, hadi ile mikubwa ya lita 76 na 120 ya matumizi makubwa. Huuzwa madukani na kwenye maduka makubwa. Bei ya kuanzia ilishushwa kwa awamu hadi kufikia dola 0.36 ya Taiwan kwa lita. Kwa bei hiyo mfuko wa lita 14 ni kama dola 5, na wa lita 25 ni dola 9.

Fanya hesabu ya kaya mbili za mfano. Ya kwanza haitenganishi chochote na inajaza mfuko wa lita 25 kila jioni ya ukusanyaji, yaani mara tano kwa wiki: dola 45 kwa wiki, dola 2,340 kwa mwaka. Ya pili inatenganisha karatasi, vyombo na mabaki ya chakula, ikabaki na mifuko miwili ya lita 14 kwa wiki: dola 10 kwa wiki, dola 520 kwa mwaka. Tofauti ni dola 1,820 kwa mwaka mzima. Kwa familia ya kipato cha kati katika mji ule hizo si pesa za kumfanya mtu abadilishe maisha.

Kilichofanya kazi ni namna pesa hizo zinavyolipwa. Ankara huja mara moja kwa miezi, ilhali mfuko hufunguliwa jikoni kila siku. Mtu akishika chupa tupu juu ya mfuko wa kulipia anaiona ikila nafasi aliyoinunua, na mkono unajirudi. Uamuzi wa kutenganisha hufanyika katika sekunde hiyo moja, jikoni, na mfuko uko palepale unapofanyika. Hakuna bango la barabarani linaloweza kufika mahali hapo kwa wakati huo.

Jambo la pili ambalo mfuko ulileta ni kuonekana. Kabla yake, hakuna aliyeweza kumtofautisha mtenganishaji na asiyetenganisha. Sasa kila jioni majirani walisimama pamoja wakisubiri lori, kila mmoja na mfuko wake. Anayekuja na mfuko usio rasmi anaonekana na mzoaji, na anaonekana na wenzake pia. Faini yake ni kati ya dola 1,200 na 6,000 za Taiwan, na aliyetoa taarifa yenye ushahidi aliweza kupata sehemu ya faini hiyo. Tuna mashaka na zawadi ya kuripoti jirani kama silaha ya kudumu, kwa sababu inaweza kuharibu ule ujirani unaofanya jambo liende. Katika miezi ya mwanzo, hata hivyo, ilisaidia kuthibitisha kwamba sheria haikuwa ya kwenye karatasi.

Malori mawili na ratiba moja

Hapa ndipo wanaoiga Taipei hukosea mara nyingi. Wanachukua ada, wanaacha gari.

Lori la manjano la kushindilia hufika likipiga muziki, ama "Für Elise" ya Beethoven ama "Sala ya Msichana" ya Tekla Bądarzewska, na nyuma yake huja gari la vitu vya kurejelezwa. Jioni tano kwa wiki. Jumatano na Jumapili hakuna ukusanyaji. Jumatatu na Ijumaa gari la pili hupokea vitu bapa: karatasi, nguo kuukuu, mifuko safi ya plastiki. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hupokea vitu vyenye umbo: chupa, makopo, vyombo vya plastiki, povu la kufungashia. Mapipa ya mabaki ya chakula huja na msafara huohuo.

Mpangilio huo unaondoa vikwazo vitatu kwa mpigo. Kwanza, mwenye nyumba hahitaji safari ya pili, kwani mahali na saa ya kutupa taka za kawaida ndipo mahali na saa ya kutoa vilivyotenganishwa. Ukimtaka mtu apeleke chupa kwenye kituo kilichoko mbali huku taka za mchanganyiko zikichukuliwa mlangoni, umeifanya njia mbaya iwe rahisi kuliko njema. Pili, hakuna haja ya kuhifadhi aina kumi jikoni kwa wiki nzima. Vitu vyenye umbo hukaa siku mbili au tatu tu, karatasi hazinuki, na chakula huondoka kila jioni ya ukusanyaji. Tatu, mtu anaona kwa macho yake kwamba chupa zimeingia gari moja na taka nyingine zimeingia gari jingine.

Hilo la tatu ni zito kuliko linavyoonekana. Hakuna kinachoua utayari wa watu haraka kama kushuhudia vitu walivyovitenganisha vikimwagwa katika lori moja na taka za mchanganyiko. Mara nyingine gari lina vyumba viwili ndani na kilichoonekana si kweli, lakini mkazi hajui, na habari husambaa mtaa mzima kabla msimamizi hajapata nafasi ya kueleza. Baada ya hapo unaweza kugawa vipeperushi vya kila rangi; atakayekusikiliza ni yule tu ambaye hakuliona lile lori. Mji usioweza kutenga magari, au vyumba vinavyotambulika wazi ndani ya gari, usianze kuwaomba watu watenganishe.

Kwa wanaofanya kazi usiku au wasioweza kuwahi lori, Taipei iliweka vituo vya kupokea taka kwa saa maalumu, vyenye msimamizi. Baadaye zikaja programu za simu zinazoonesha lori liko wapi. Huduma hizo ni ndogo katika bajeti, lakini bila ya hizo kundi zima la watu walio tayari lingehesabika kama wakaidi.

Uelewa wa aina gani

Tafiti nyingi za mwamko huuliza: je, unajua kwamba urejelezaji unalinda mazingira? Karibu kila mtu hujibu ndiyo. Kujua hivyo hakumsaidii aliyesimama jikoni na kikombe cha karatasi mkononi. Anachohitaji ni kujua kikombe hicho kinakwenda wapi, kikiwa katika hali gani, siku gani.

Kikombe ni mfano mzuri. Kwa macho ni karatasi, lakini ndani kimepakwa tabaka jembamba la plastiki ili kisivuje. Kikichanganywa na magazeti katika kinu cha karatasi, nyuzi zake huchelewa kuachana na lile tabaka na vipande vya plastiki hubaki kwenye uji wa karatasi. Ndiyo maana Taiwan imeviweka vyombo vya karatasi, yaani vikombe, masanduku ya chakula na paketi za vinywaji, katika kundi lake, mbali na karatasi za kawaida. Vinasuuzwa, vinapangwa kimoja ndani ya kingine, vinatolewa peke yake. Karatasi za shashi na zilizolowa mafuta haziendi kwenye kundi lolote la karatasi. Hizo ni za mfuko wa kulipia.

Makosa mengine yanayojirudia popote watu wanapoanza kutenganisha ni haya:

– Chupa yenye kinywaji ndani. Ikipasuka kwenye gari inalowesha mzigo, na karatasi iliyolowa hupoteza thamani. Kumwaga na kusuuza mara moja kwa maji kidogo kunatosha. Hakuna haja ya sabuni. Chupa za plastiki zipondwe ili zisile nafasi.

– Vioo vya dirisha, vioo vya kujitazamia na vyombo vya kauri kuwekwa na chupa za kioo. Kauri haiyeyuki katika joto la kuyeyusha chupa, na punje yake moja hubaki kama jiwe ndani ya chupa mpya na kuidhoofisha.

– Vitu vya kurejelezwa vilivyofungwa ndani ya mfuko mweusi. Mzoaji hawezi kuona kilichomo, na kwenye mkanda wa kuchambulia mfuko huo hutupwa mzima mzima kwa sababu hakuna anayethubutu kuufungua kwa mkono. Vitolewe bila mfuko au katika mfuko unaoonesha ndani.

– Betri na taa za mirija kutiwa pamoja na makopo. Betri za kuchaji zikipondwa ndani ya lori huwaka moto.

Kosa la mwisho ni baya zaidi na limejaa nia njema: mtu asiye na uhakika hukitia kitu kwenye pipa la urejelezaji akitumaini kitafaa. Watu wenye mwamko mkubwa ndio wenye kosa hili kuliko wengine. Wafundishwe waziwazi kwamba kitu chenye shaka kiende kwenye taka baki, yaani zile za mfuko wa kulipia zinazosalia baada ya kutenganisha, kwa sababu mzigo uliochafuka huweza kukataliwa wote.

Taipei ilikuwa na nyenzo ambayo miji mingine huidharau, nayo ni mzoaji anayesimama nyuma ya gari la pili. Akipewa kikombe kwenye pipa la magazeti anakirudisha papo hapo na kueleza. Maelezo ya sekunde tatu, kitu chenyewe kikiwa mkononi, mbele ya mtu anayehusika, hukaa kichwani kuliko kipeperushi cha kurasa nne. Wazoaji hao wanapaswa kufunzwa na kulipwa kama waelimishaji, maana kazi hiyo wanaifanya kila jioni. Wana pia uwezo wa kufungua mifuko inayotiliwa shaka na kutoa onyo kabla ya faini.

Watu walivyokwepa

Kila ada ya taka huzaa njia za kuikwepa, na anayeipanga bila kuziona mapema ataaibika mwezi wa kwanza.

Njia ya kwanza ilikuwa mapipa ya waenda kwa miguu. Taka za nyumbani zilianza kuonekana humo, na jiji likapunguza mapipa, likabana midomo yake na kuweka faini kwa anayeingiza taka za nyumbani. Gharama ya hatua hiyo ilibebwa na mpita njia mwenye ganda la ndizi asiye na pa kulitupa. Njia ya pili ilikuwa mifuko bandia, kwa kuwa mfuko wa plastiki ni rahisi kuiga na faida yake ni nzuri. Jibu likawa alama ya usalama yenye hologramu na adhabu nzito zaidi kwa mtengenezaji na muuzaji kuliko kwa mtumiaji. Njia ya tatu ilikuwa mpaka. Wilaya jirani za kaunti inayoizunguka Taipei hazikuwa na ada ya mfuko, na kuvuka daraja na mfuko wa taka si kazi kubwa. Kaunti hiyo, ambayo sasa ni jiji la New Taipei, iliingia kwenye utaratibu wa mfuko wa kulipia kidogo kidogo kuanzia 2008 na kukamilisha eneo lake lote mwishoni mwa 2010. Ada ya eneo moja lililozungukwa na maeneo ya bure haiwezi kupimwa kwa haki mpaka majirani nao wahesabiwe.

Njia ya nne haivunji sheria yoyote: kushindilia. Unapotoza kwa ujazo, mtu hukanyaga mfuko. Marekani kuna utafiti mashuhuri wa Don Fullerton na Thomas Kinnaman, uliochapishwa mwaka 1996, kuhusu mji wa Charlottesville, Virginia, ulioanza kutoza senti 80 kwa kila mfuko mwaka 1992. Walipima taka za kaya 75 kabla na baada. Idadi ya mifuko ilishuka kwa asilimia 37, lakini uzito ulishuka kwa asilimia 14 tu. Wakakadiria pia kwamba sehemu ya huo upungufu huenda ilitupwa kinyume cha sheria. Anayeripoti mafanikio kwa kuhesabu mifuko anajidanganya; mizani ya lori ndiyo shahidi.

Upungufu wa Taipei ulipimwa kwa tani, kwa hiyo hauelezwi na kushindilia. Lakini tani hizo 2,000 zilizotoweka hazikuwa zote urejelezaji. Baadhi zilihamia kwenye magari ya urejelezaji, baadhi zikawa chakula cha mifugo na mboji, baadhi zilikwenda kwa wanunuzi binafsi na wazee wanaokusanya maboksi, baadhi hazikuzalishwa kabisa kwa sababu watu walianza kuacha vifungashio dukani, na kiasi fulani kilivuka mpaka. Mji unaoiga usitarajie theluthi mbili kutokana na mfuko peke yake.

Maghorofa

Mfumo wa kusimama mtaani na mfuko unategemea uso kwa uso. Kwenye majengo makubwa yenye chumba cha taka cha pamoja, mkazi hushusha mfuko wake saa yoyote, hamuoni mtu, na kampuni iliyokodiwa na jengo huupeleka. Mfuko rasmi bado unatakiwa, lakini ikiwa jengo linanunua mifuko mikubwa ya lita 120 kwa pesa za matengenezo ya pamoja, tumerudi kwenye ankara ya maji: gharama inagawanywa kwa wote na mtenganishaji haoni faida.

Panapoonekana utayari umeshuka, kagua vitu hivi kabla ya kulaumu wakazi. Nani ananunua mfuko? Ikiwa ni jengo, ununuzi urudishwe kwa kila kaya. Chumba kina mwanga na maji ya kunawa? Watu hawasimami kuchagua pipa mahali penye giza na harufu. Mapipa yana matundu yanayolingana na kitu, la mviringo kwa chupa na mwanya mwembamba kwa karatasi? Tundu hufundisha hata asiyesoma. Pipa la taka baki limewekwa mbele, na mengine nyuma yake? Likae mwisho, ili mtu ayapitie mengine kwanza. Na mpangaji mpya anaelezwa na nani, siku ya kuhamia? Kwenye majengo yenye wapangaji wanaohamahama elimu ya mwaka jana imeshaondoka na watu wake.

Kupima utayari bila kudanganyika

Dodoso linalouliza "uko tayari kutenganisha taka?" litapata ndiyo nyingi zisizo na thamani, kwa sababu swali lina jibu la heshima na mtu hupenda kuonekana mwema. Uliza kilichotendeka: jana jioni ulitoa nini, ukakiweka wapi, nini kilikushinda? Kisha usitegemee majibu hata hayo; nenda kwenye taka.

Vipimo vitatu vinatosha, na kila kimoja kinaeleza tatizo tofauti. Kiwango cha ushiriki ni sehemu ya kaya zilizotoa vitu vilivyotenganishwa angalau mara moja katika zamu tatu mfululizo za ukusanyaji. Zamu moja haitoshi, kwa kuwa kaya ndogo haijazi kila wiki. Kiwango cha unasaji ni uzito wa vitu vinavyorejelezeka vilivyoingia njia sahihi, ukigawanywa kwa jumla ya vitu hivyo katika njia zote mbili. Kwa mfano, ukikuta kilo 60 za vyombo kwenye gari la urejelezaji na kilo 40 za vyombo vya aina hiyo ndani ya mifuko ya taka baki, unasaji ni asilimia 60. Cha tatu ni uchafuzi, yaani uzito wa vitu visivyotakiwa ndani ya mzigo uliotenganishwa.

Ushiriki ukiwa chini, tatizo liko kwenye urahisi au motisha: ratiba, umbali, ada. Ushiriki ukiwa juu na unasaji chini, watu wanatenganisha vitu viwili vitatu wanavyovijua, mara nyingi chupa na magazeti, na hawajui vingine. Hapo ndipo elimu inalipa. Uchafuzi ukiwa juu, maelekezo yana utata au watu wanatupia kwa matumaini. Kutoa dawa moja kwa hali zote tatu ni kupoteza bajeti, na kwa bahati mbaya dawa inayotolewa ni ileile kila mara, kampeni ya uhamasishaji.

Sampuli ichukuliwe kwenye mitaa ya hali tofauti na bila kutangaza siku, kwani watu wakijua wanapimwa hutenganisha vizuri kuliko kawaida yao. Mfuko uliokusanywa upimwe kabla ya kushindiliwa, uchambuliwe siku hiyohiyo kabla mabaki ya chakula hayajalowesha karatasi na kuuongeza uzito wake, na usihusishwe na jina la kaya.

Mabaki ya chakula

Ukusanyaji wa mabaki ya chakula ulienea jiji zima mwishoni mwa 2003, na kwa mtazamo wetu ndio uliokamilisha kazi ya mfuko. Mabaki ndiyo mazito, yenye maji na yenye kunuka. Yakibaki kwenye mfuko, kila kitu kingine huchafuka. Yakitoka, mfuko wa taka baki unaweza kukaa siku kadhaa, na kaya inaweza kutumia ule wa lita 14 au hata 5.

Taipei iliyagawa mara mbili. Mabichi, kama maganda ya matunda, majani ya mboga, majani ya chai na machicha ya kahawa, huenda kwenye mboji. Yaliyopikwa yalikuwa yakienda kulisha nguruwe. Mifupa mikubwa, magamba ya kome na vifuu vya nazi haviingii kokote kati ya hayo mawili, maana haviozi kwa muda wa mboji na huharibu visu vya mashine. Ni vya mfuko wa kulipia. Maji yachujwe kwanza. Kinachofaa ni chombo chenye kifuniko, na wengi huyaweka kwenye friji mpaka jioni ya gari.

Njia ya nguruwe ilikuwa nafuu na ilipokea tani nyingi, lakini ilitegemea afya ya mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia China mwaka 2018, Taiwan ilikaza usimamizi wa kanuni kwamba mabaki lazima yapikwe kwa nyuzi 90 za Selsiasi kwa saa 1 au zaidi kabla ya kulishwa, na wafugaji wadogo wasio na mitambo hiyo wakawa na sababu ya kuacha. Kila mfugaji anayetoka anaacha mabaki yanayohitaji mtambo wa mboji au wa gesi, ambao huchukua miaka kujengwa, ilhali kaya zitaendelea kuleta ndoo zao kila jioni. Mtambo huo unapaswa kuwa tayari kabla ya mfugaji wa mwisho kufunga banda.